Mzazi Mmoja, Wazazi Wawili, na Watu Walio Nyuma Yao

Ukitaka mjadala usioisha, waulize watu kumi kama mtoto aliyelelewa na mzazi mmoja hupata hasara. Kuna watakaokuambia takwimu ziko wazi: watoto hao huacha shule zaidi na huingia matatani zaidi. Na kuna watakaokujibu kwa kuhesabu vidole: fulani kalelewa na mama peke yake na leo ni daktari, fulani baba na mama walikuwapo wote na leo hajulikani alipo. Kila upande una ushahidi, na ajabu ni kwamba mara nyingi ni ushahidi uleule.

Chukua kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani E. Mavis Hetherington, aliyefuatilia karibu familia 1,400 kwa takriban miongo mitatu. Kati ya watoto ambao wazazi wao waliachana, kama 20 hadi 25 katika kila 100 walikuwa na matatizo makubwa ya kihisia au kijamii. Kwa watoto ambao wazazi wao hawakuachana, idadi ilikuwa kama 10. Anayetaka kuonya atasema talaka huongeza hatari mara mbili au zaidi. Anayetaka kufariji atasema watoto 75 hadi 80 katika 100 walitoka salama salimini. Hakuna aliyedanganya.

Mwaka 1991 Paul Amato na Bruce Keith walikusanya tafiti 92 zilizolinganisha makundi hayo mawili ya watoto. Tofauti ilikuwepo, lakini kwa wastani ilikuwa ndogo. Kwa lugha ya kawaida, ukimchukua kwa bahati nasibu mtoto mmoja wa wazazi walioachana na mwingine wa wazazi wanaoishi pamoja, ukabashiri kwamba huyu wa pili ndiye mwenye hali bora, utapatia kama mara 54 katika 100. Kurusha sarafu kungekupatia mara 50. Kwa hiyo anayemtazama mtoto mmoja na kumhukumu kwa kuangalia nani analala kwenye nyumba yao anabahatisha tu. Anayepanga bajeti ya shule au ya huduma za jamii kwa maelfu ya watoto, huyo hana ruhusa ya kuipuuza tofauti hiyo, maana hatari ikiongezeka maradufu kwa wachache, wachache hao katika nchi nzima ni wengi.

Mjadala wa "muundo gani ni bora" ukishafika hapo huwa hauna pa kwenda. Lenye faida ni kuuliza muundo huo unamfikia mtoto kupitia njia zipi.

Fedha, halafu mizigo

Njia ya kwanza haina siri. Mishahara miwili ikigeuka mmoja huku kodi ya nyumba ikibaki ileile, mtoto ataona. Sara McLanahan na Gary Sandefur, katika uchambuzi wao wa mwaka 1994 wa takwimu za Marekani, waliona kwamba watoto waliokua na mzazi mmoja walikuwa karibu mara mbili zaidi katika hatari ya kuacha sekondari kuliko waliokua na wazazi wote wawili. Takriban nusu ya pengo hilo lilielezwa na kipato. Ina maana kwamba nusu nzima ya kile tunachokiita "tatizo la familia" ni tatizo la fedha lililovaa nguo nyingine, na mtu anayehubiri maadili bila kugusa mfuko ameruka nusu ya somo.

Nusu ya pili ndiyo yenye mambo. Ndani yake kuna muda wa usimamizi, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuwa kazini na nyumbani kwa wakati mmoja. Na kuna kitu ambacho wengi hawakitaji kabisa: kuhama.

Talaka ikishapita, mara nyingi nyumba huachwa kwa sababu mtu mmoja haimudu. Mtoto anahamia mtaa mwingine, pengine na shule nyingine katikati ya mwaka. Wakubwa huiona kama shughuli ya mizigo. Lakini angalia kilichobaki nyuma. Kuna mwalimu aliyekuwa akijua kwamba mtoto huyu hanyamazi ila akiwa na jambo. Kuna mama wa rafiki yake aliyekuwa akimkaribisha jioni mpaka mzazi arudi. Kuna mzee wa jirani aliyeweza kusema, "Nimemwona mwanao kule, na haikuwa saa ya yeye kuwa kule." Mzazi naye ameacha watu wake. Hao wote hawakuingia kwenye maboksi, na kule wanakokwenda itachukua miaka kupata wengine wa kuwajua hivyo.

Nadhani hapa ndipo kitendawili cha familia za kambo kinapoanza kufunguka. Mama akiolewa tena, au baba akioa, fedha mara nyingi hurudi na watu wazima ndani ya nyumba huwa wawili tena. Ingekuwa hesabu ya vichwa na mifuko, mtoto angerudi pale alipokuwa. Lakini kwa vipimo vingi vya elimu, watoto wa familia za kambo waliwakaribia zaidi wale wa mzazi mmoja kuliko wale wa wazazi wao wawili. Nyumba nyingine, mtaa mwingine, sheria nyingine za mezani, mtu mpya wa kumzoea: kila badiliko lina gharama yake hata kama ni badiliko jema. Utafiti mkubwa wa Marekani unaofuatilia watoto karibu 4,900 waliozaliwa katika miji 20 kati ya mwaka 1998 na 2000, wengi wao wakiwa wa wazazi wasiooana, umeonyesha jambo la namna hiyo. Kila mara mzazi anapoingia au kutoka kwenye uhusiano wa kuishi pamoja, matatizo ya tabia ya mtoto huelekea kupanda kidogo, na mabadiliko yakirundikana nayo hurundikana.

Ugomvi unaosikika na usiosikika

Kabla ya kwenda mbele, kuna mtego wa kuukwepa. Wazazi wanaoachana hawachaguliwi kwa bahati nasibu. Wengi walikuwa na matatizo kabla, na huenda mtoto alianza kuumia miaka miwili kabla ya barua ya wakili kuandikwa. Ukimpima baada ya talaka utailaumu talaka kwa jeraha la zamani.

Amato na wenzake walijaribu kutenganisha mambo hayo. Walikuwa na taarifa za wanandoa waliohojiwa tangu mwaka 1980, wakijua ni ndoa zipi zilikuwa na ugomvi mkali na zipi zilikuwa tulivu, kisha wakawatafuta watoto wa wanandoa hao wakiwa watu wazima. Watoto waliotoka kwenye ndoa za vurugu walikuwa na hali nzuri zaidi pale wazazi wao walipoachana kuliko pale walipong'ang'ania. Wale waliotoka kwenye ndoa tulivu walikuwa na hali mbaya zaidi wazazi wao walipoachana.

Sehemu ya pili ya matokeo hayo huwasumbua watu, na ina haki ya kusumbua. Mtoto wa nyumba ya vurugu, talaka inamwondolea kitu kibaya. Mtoto wa nyumba tulivu hakuona moshi wowote. Wazazi walikuwa wamechokana kimyakimya, kistaarabu, na yeye alikuwa akilala usingizi. Siku anapoambiwa, hakuna baya alilookolewa nalo. Anachokiona ni hasara tupu: nyumba, shule, na nusu ya ukoo.

Hiyo nusu ya ukoo ndiyo inayotupeleka kwenye kiini.

Tofauti ya msiba na talaka

Mtoto aliyefiwa na mzazi na mtoto ambaye mzazi wake ameondoka, wote wana mzazi mmoja nyumbani. Kwenye karatasi ni muundo mmoja. Hata hivyo, katika takwimu za Marekani, watoto wa wajane kwa kawaida hufanya vizuri zaidi shuleni kuliko watoto wa talaka. Sehemu ya sababu ni mafao ambayo sheria za huko humpa mjane. Lakini fikiria pia kinachotokea kwa watu. Msiba huwaita watu waje. Talaka huwaambia wachague upande. Shangazi aliyekuwa akija kila mwisho wa wiki sasa anaona haya kubisha hodi. Babu anaogopa kupiga simu asije akaonekana anapeleleza. Marafiki wa pamoja wanapunguza mialiko ili kuepuka mkosi wa kuwakutanisha wawili hao. Hakuna aliyemkataa mtoto. Kila mmoja alikuwa akijiepusha na ugomvi wa wakubwa, na mtoto akabaki amepungukiwa watu kumi bila mtu yeyote kukusudia.

Na hoja hiyo hujipima yenyewe kwa upande wa pili. Pale ambapo mjane hunyang'anywa mali na kufukuzwa na wakwe, faida ya msiba juu ya talaka haina pa kusimamia.

Duara linalofunga

Aliyeyaeleza mambo haya kitaaluma ni mwanasosholojia James Coleman, katika makala yake ya mwaka 1988 kuhusu kile tunachokiita leo mtaji wa kijamii. Hoja yake ilikuwa kwamba mahusiano yenyewe ni rasilimali. Mzazi anaweza kuwa na elimu kubwa na asimfae mwanawe kama hana muda naye. Na mwingine mwenye elimu ndogo akafanya makubwa. Alitoa mfano ninaoupenda wa wilaya moja ya shule Marekani ambako wazazi hununua vitabu vya kiada wenyewe. Uongozi ukashangaa kuona baadhi ya familia za wahamiaji kutoka Asia zinanunua nakala mbili za kila kitabu kwa mtoto mmoja. Walipochunguza, nakala ya pili ilikuwa ya mama: alikuwa anasoma somo lilelile ili aweze kumsaidia mtoto.

Halafu akatoka nje ya nyumba. Akaeleza kisa cha mama wa watoto sita aliyehama kutoka viunga vya Detroit kwenda Jerusalem. Kule alikuwa tayari kumwachia mtoto wake wa miaka minane ampeleke mdogo wake wa miaka sita shuleni kwa basi la mjini, na wengine wacheze bustanini bila msimamizi. Si kwamba watoto walikuwa wamekua ghafla njiani. Alikuwa na imani kwamba mtu mzima yeyote atakayekuwa karibu atawaangalia. Alichokipata mama yule hakikuwa mali yake, na asingeweza kukinunua peke yake.

Kutoka hapo Coleman akaja na wazo la duara lililofungwa: mzazi anamjua rafiki wa mtoto wake, na anamjua pia mzazi wa huyo rafiki. Duara likifunga, wazazi wanaweza kukubaliana saa ya kurudi nyumbani, kupeana habari, na kukemea mtoto wa mwenzao bila ugomvi. Likiwa wazi, kila mtoto humwambia mzazi wake kwamba "wote wanaruhusiwa," na hakuna wa kuthibitisha. Nadhani kila aliyewahi kulea kijana wa miaka 14 anaijua hoja hiyo kwa jina na kwa sura. Coleman alionyesha takwimu: katika sekondari za umma walioacha shule walikuwa asilimia 14.4, katika shule za Kikatoliki asilimia 3.4, na katika shule nyingine za binafsi asilimia 11.9. Kwa maoni yake, siri ya shule za Kikatoliki ilikuwa jumuiya iliyozizunguka, ambamo wazazi hukutana kwa sababu nyingine mbali na shule. Ada peke yake haitoshi kueleza, kwani nazo zile za binafsi zinalipisha.

Baadaye wapinzani walijitokeza, na walikuwa na hoja. Mwaka 1999 Stephen Morgan na Aage Sørensen walichambua upya maendeleo ya wanafunzi katika hisabati, wakakuta kwamba duara la wazazi kufahamiana halikusaidia kama Coleman alivyodai. Katika shule za umma lilikwenda hata kinyume. Maelezo yao ni kwamba duara lililofunga sana hulinda na hukemea vizuri, lakini watu walewale huzunguka na habari zilezile. Mimi naona pande zote mbili zinapima vitu tofauti. Duara la karibu humzuia mtoto asipotee. Kumfikisha mbali ni kazi ya watu wa aina nyingine, na hao nitawarudia.

Saa nne usiku

Takwimu hazionyeshi jinsi mahusiano yanavyofanya kazi siku kwa siku, kwa hiyo tutazame kwa karibu. Kuna akina mama wawili wanaofanana kila kitu kwenye dodoso la mtafiti: kila mmoja analea peke yake, mshahara sawa, elimu sawa, watoto wawili. Saa nne usiku mdogo anapandwa na homa.

Wa kwanza anampigia dada yake, naye anakuja kulala na mkubwa. Jirani anawasha gari. Asubuhi mfanyakazi mwenzake anamshikia zamu. Amepoteza usingizi wa usiku mmoja, basi.

Wa pili anaishika simu, anaiangalia, anairudisha mezani. Anamwamsha mkubwa, wanaongozana wote watatu. Asubuhi mkubwa hakwenda shule. Mama hakwenda kazini, na kama analipwa kwa siku, siku hiyo haikulipwa. Jioni ana hasira asiyoijua imetoka wapi, na inamwangukia mkubwa kwa kosa la kumwaga maji. Sasa zidisha hayo kwa mafua, mvua, vikao vya shule na siku ambazo kichwa tu kinauma, kwa miaka kumi. Kwenye jedwali la takwimu wote wawili wamewekwa alama ya "mzazi mmoja."

Na usidhani nyumba ya wawili imesalimika. Baba wa zamu za usiku na mama wa zamu za mchana, waliohamia mahali wasipomjua mtu, wanaweza kuwa na upweke kuliko mama pekee mwenye dada watatu. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na hawakusema mikono miwili inatosha.

Hasira ile ya jioni inastahili kukaa nayo kidogo, kwa kuwa hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote kati ya marafiki wa mzazi na moyo wa mtoto. George Brown na Tirril Harris walichunguza sonona miongoni mwa wanawake wa Camberwell, London, wakachapisha matokeo yao mwaka 1978. Waliuliza kwa nini wanawake wawili wakipatwa na pigo lilelile, mmoja huanguka na mwingine husimama. Mambo manne yalimfanya mwanamke awe rahisi kuanguka: kumpoteza mama yake kabla ya kufikisha miaka 11, kuwa na watoto watatu au zaidi wa chini ya miaka 14 nyumbani, kutokuwa na kazi, na kukosa mtu wa karibu wa kumweleza ya moyoni. Hilo la mwisho ndilo linalotuhusu. Mzazi mwenye sonona hampendi mwanawe pungufu. Anakosa nguvu ya kuitikia. Mtoto mchanga anatabasamu na uso ulio mbele yake haujibu, anajaribu tena, mwishowe anaacha kujaribu. Mtu aliyekuwa akikaa na mama yule nusu saa kila wiki, wakicheka mambo yasiyo na maana, alikuwa anamlea mtoto bila kumgusa.

Zimbabwe wameligeuza jambo hili kuwa tiba. Daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha wanawake wazee wa jamii kuwasikiliza watu wenye msongo wa mawazo kwenye mabenchi nje ya zahanati, na jaribio la kisayansi lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliosikilizwa na bibi hao walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Wanaofungua milango

Sasa wale watu wa aina nyingine. Mark Granovetter aliandika mwaka 1973 kwamba habari za kazi huja zaidi kupitia watu tunaofahamiana nao juujuu kuliko marafiki wa chanda na pete, kwa sababu marafiki wa karibu wanajua kile tunachokijua tayari. Kwa mzazi, hali ni hiyohiyo. Mtoto hasomi vizuri, mwalimu anasema ni mvivu. Mzazi mwenye shemeji mwalimu, au rafiki wa rafiki ambaye ni daktari wa watoto, anauliza swali moja na kuambiwa akapime macho. Mwingine anamchapa mtoto. Erin Horvat, Elliot Weininger na Annette Lareau, wakichunguza familia za Marekani, waliona mwaka 2003 kwamba wazazi wa tabaka la kati hujuana na wazazi wenzao wa shule na huwa na wataalamu kwenye orodha yao ya watu. Likizuka tatizo shuleni huenda kwa pamoja. Wazazi wa tabaka la wafanyakazi na maskini mahusiano yao yalijaa ndugu, na shuleni walikwenda kila mtu kivyake. Walikuwa na watu wengi na wenye upendo, ila hakuna kati yao aliyeijua lugha ya ofisi ya mkuu wa shule.

Mwaka 2022 Raj Chetty na wenzake walitumia urafiki bilioni 21 wa kwenye Facebook kupima jambo hili kwa ukubwa usiowahi kuonekana. Kiashirio kilichoendana zaidi na watoto maskini kupanda kipato ukubwani kilikuwa urafiki unaovuka matabaka: ni kwa kiasi gani watu wa kipato cha chini katika eneo fulani wana marafiki wa kipato cha juu. Kundi hilohilo lilikuwa limeona, mwaka 2014, kwamba maeneo yenye familia nyingi za mzazi mmoja hayakuwa na fursa nzuri ya watoto kupanda, na hata watoto wa maeneo hayo ambao wazazi wao walikuwa wameoana waliathirika. Hapo muundo wa familia umeacha kuwa siri ya nyumba moja: mtaa ambao watu wazima wengi hawana muda unamgusa hata mtoto ambaye wazazi wake wote wako nyumbani. Ni uwiano, na chanzo kinaweza kuwa mengine yanayoambatana na maeneo hayo, lakini hautupiki.

Ndugu wanaogharimu

Kuandika kuhusu jamaa kana kwamba ni baraka tupu ni kuandika kama mtu asiye na jamaa. Mwanaanthropolojia Carol Stack, aliyeishi karibu na familia maskini za Wamarekani Weusi mwishoni mwa miaka ya 1960, alisimulia mke na mume waliorithi dola 1,500. Walitaka kuzitumia kama malipo ya awali ya nyumba. Habari zikasambaa. Mmoja alihitaji kulipia simu, mwingine kodi ya nyumba, kukawa na mgonjwa wa mbali wa kwenda kumwona, kukawa na maziko. Idara ya ustawi nayo iliposikia, ikasitisha posho ya watoto. Ndani ya mwezi mmoja na nusu zilikuwa zimekwisha. Ni rahisi kuwalaumu ndugu, lakini ndugu haohao ndio waliokuwa wakiwalisha watoto wale katika miezi mibaya. Anayekataa kutoa leo hana pa kubisha kesho. Mtandao uliowazuia kuzama ndio huohuo uliowazuia kupanda.

Pamela Jakiela na Owen Ozier walilipima hili kwa majaribio vijijini magharibi mwa Kenya. Wanawake waliopewa fedha za kuwekeza walikuwa tayari kukosa sehemu ya faida ili mradi ndugu wasijue walianza na kiasi gani, hasa ndugu hao wakiwa hapohapo. Undugu ni kufaana, ndiyo, na kufaana kuna kodi.

Kuhusu bibi, ushahidi ni mzuri kuliko nilivyotarajia. Rebecca Sear na Ruth Mace walipitia mwaka 2008 tafiti za jamii 45 ambazo hazikuwa na tiba za kisasa za kutosha, wakiuliza uwepo wa nani uliwafanya watoto waishi. Mama alihitajika kila mahali. Aliyefuata kwa uhakika alikuwa bibi mzaa mama, na kaka na dada wakubwa walisaidia pia. Baba, kwa kipimo hicho cha uhai, katika jamii nyingi kuondoka kwake hakukuongeza vifo vya watoto. Wanaume wasikasirike: kuishi na kustawi ni mambo mawili, na palipokosekana baba kwa kawaida kulikuwa na mtu aliyeziba nafasi. Swali ni nani. Anne Case na wenzake walichunguza yatima katika nchi kumi za Afrika kusini mwa Sahara na kuona kwamba walikuwa nyuma katika kuandikishwa shule, hata wakilinganishwa na watoto wengine wa nyumba ileile. Sababu kubwa ilikuwa umbali wa undugu kati ya mtoto na mkuu wa kaya. Aliyelelewa na bibi alikuwa na nafasi nzuri kuliko aliyelelewa na jamaa wa mbali. Ukoo mpana kwa jina hausemi mtoto atawekwa wapi kwenye foleni ya ada.

Kwa walio katikati ya kutengana

Yote haya yana matumizi ya karibu sana. Kama wazazi wana uwezo wa kuchagua kitu kimoja cha kukilinda baada ya kuachana, mimi ningechagua shule na mtaa kabla ya samani na gari, hata kama nyumba mpya itakuwa ndogo, ili mradi mtoto abaki ndani ya umbali wa kutembea kutoka kwa wanaomjua. Cha pili ni ndugu wa upande ulioondoka. Wapewe siku yao, ya kudumu, isiyotegemea baba na mama wanasemezana wiki hiyo au la, na waambiwe waziwazi kwamba wanakaribishwa. Nao wenyewe wasingoje kualikwa. Bibi anaweza kupiga simu kumuuliza mtoto habari za mtihani bila kutaja ndoa ya mtu. Mwenza mpya asiingizwe nyumbani kwa haraka, kwa sababu ya lile rundo la mabadiliko. Na anayetaka kumsaidia mzazi anayelea peke yake aache kusema "ukihitaji chochote niambie," aseme Jumanne nitawachukua watoto shuleni.

Kuna familia ambazo ushauri huo hauzifai. Palipokuwa na kipigo au unyanyasaji, kukata uhusiano ndiyo salama, na wakati mwingine kuhama mbali ni lazima hata kama gharama yake ni yote niliyoyaeleza. Hapo mzazi anaanza kujenga watu upya kutoka sifuri. Emmy Werner alifuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii. Takriban thuluthi moja walikuwa kwenye mazingira magumu: umaskini, ulevi au ugonjwa wa akili nyumbani, familia zilizovunjika. Kati ya hao, mmoja katika watatu alikua akawa mtu mzima mwenye kujiamini na kujimudu. Karibu wote walikuwa na angalau mtu mmoja mzima aliyewajali bila kukatika, na si lazima awe mzazi: bibi, shangazi, jirani, mwalimu, kiongozi wa dini. Wengi wa watoto hao walikuwa na kipaji cha kuwavuta watu wazima wa namna hiyo wao wenyewe. Mzazi aliyefika mahali pageni anaweza kumrahisishia mtoto kazi hiyo kwa kwenda kujitambulisha kwa mwalimu wa darasa wiki ya kwanza, kabla hakujatokea tatizo la kuitwa shuleni.